Pesa Iende Kwenye Boliti: Maneno Yangu kwa Wenye Magari na Mafundi wa Bampa

Ndugu zangu habari za asubuhi. Shikamooni wazee wetu mliokaa hapo kivulini, mama zangu, madereva, vijana wa gereji, na nyie mliofunga kazi leo mkaja, asanteni sana. Nimeombwa niongelee jinsi ya kutengeneza bampa la chuma la gari la porini kwa hela ndogo. Mimi sio injinia, mimi nanunua mpunga, Ifakara na vijiji vya ndani huko, upande wa Mlimba na Malinyi, na gari langu ni Land Rover Defender 110 ambalo masika linalala matopeni zaidi ya linavyolala nyumbani. Lakini nimetengeneza bampa mara mbili kwa mikono yangu. La kwanza nusura liue mtoto wa mtu. La pili liko pale nje mmeliona wakati mnaingia, na tofauti ya yale mabampa mawili ndiyo iliyonileta hapa mbele yenu.

Nianze na lile la kwanza maana bado linaniuma.

Bampa la Defender la kiwandani ni chuma chembamba tu kilichokunjwa, kimefungwa kwa boliti mbili kila upande kwenye zile ncha mbili za chesisi zinazotokeza mbele. Langu lilikuwa limekunjwa na kisiki mpaka linagusa tairi. Nikauliza bei ya la kununua lililo tayari, nikaambiwa milioni mbili na nusu, hapo hujafungiwa, na mimi msimu ule mpunga ulikuwa umeniangusha, hela hiyo sina. Nikasema chuma si chuma tu, natengeneza mwenyewe. Nikatafuta chaneli ya milimita 150 kwa 75, kile chuma cha umbo la U cha kujengea maghala, nikakata mita moja na sentimita 70, nikaweka bomba la inchi mbili juu linazunguka taa zote, alafu chini nikafunika pleti ya milimita 6, nikapaka rangi nyeusi. Jamani lilipendeza. Watu wakawa wanalisimamisha gari barabarani kuuliza nani kakutengenezea. Kwa mbele nikaona nahitaji sehemu ya kuvutia, nikakunja nondo ya milimita 16 ikawa kama pete, nikaichomelea pale mbele katikati ya chaneli, nikaona imeshika vizuri kabisa, nikaipiga nyundo, haijatikisika.

Mwezi wa nne tukakwama, udongo mweusi ule wa mbuga ambao ukishakamata ekseli unakuwa kama gundi. Ikaja trekta, dereva akatupa waya wa chuma, tukaufunga kwenye ile pete. Trekta ikavuta ya kwanza, gari halikutoka, akarudi nyuma kidogo akaondoka kwa kasi kama wanavyofanya siku zote. Nikasikia mlio kama bunduki. Pete imeng'oka na ngozi ya chaneli imeondoka nayo, waya ukairusha mpaka kwenye madigadi ya trekta, ikaitoboa, tundu unapitisha ngumi. Pale kwenye lile tundu, nusu dakika kabla, alikuwa amesimama kijana wa kama miaka 15 anayemsaidia dereva, alikuwa ameshuka kwenda kuokota ndala yake iliyonasa kwenye tope. Ndala ndiyo iliyomwokoa yule mtoto. Nilikaa chini kwenye maji pale pale, miguu haina nguvu, na sikulala siku ile wala siku iliyofuata.

Baadae nikalifungua lile bampa nikalipeleka kwenye mizani ya mpunga. Kilo 81. Na hizo kilo 81 haziko katikati ya gari, ziko mbele ya ekseli kama sentimita 65 hivi, sasa piga hesabu ya mizani ya kawaida tu, gari linaitwa 110 kwa sababu kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni inchi 110, yani mita 2 na sentimita 79, ukiweka mzigo nje ya ekseli ya mbele ile ekseli inabeba zaidi ya mzigo wenyewe, inafika kama kilo 100, na nyuma gari linanyanyuliwa kidogo kama kilo 19. Ndio maana springi za mbele zilikuwa zimekaa chini, usukani unakuwa mzito, na kila tuta nasikia gu. Kwahiyo nilikuwa nimebeba kilo 81 za urembo, na ile sehemu moja tu iliyotakiwa kuwa na nguvu ilikuwa imeshikwa na mstari wa kuchomelea wa sentimita chache kwenye ukuta mwembamba.

Hapo ndipo nilipoelewa, na hili nalirudia kwa kila kijana anayekuja kuniuliza: nguvu ya bampa iko kwenye njia ambayo mvuto unapita. Mkanda wa kuvutia unavuta shakeli, ile pete ya U yenye pini, shakeli inavuta sikio, ile pleti nene yenye tundu inayotokeza mbele, sikio linavuta pleti ya kufungia, pleti inavuta boliti, boliti zinavuta chesisi, chesisi inatoa gari. Chochote ambacho hakipo kwenye mnyororo huo ni kifuniko, kinaweza kuwa chepesi, kinaweza kuwa cha mabaki, kinaweza hata kutokuwepo. Na chochote kilichopo kwenye mnyororo huo hakibaniwi hela.

Sasa kabla sijaenda mbali, swali ambalo mafundi wengi hawaulizi mteja kwa sababu wanataka kazi. Je unahitaji bampa kweli? Kama shida yako ni kuvutwa tu ukikwama, funga masikio mawili ya kuvutia moja kwa moja kwenye chesisi, bampa la zamani liache, umemaliza, hela iliyobaki nunua mkanda mzuri. Nasema hivi kwa moyo wote kwa sababu nimeona watu wanajenga ukuta mbele ya gari kwa ajili ya tatizo ambalo boliti nne zingelimaliza. Na kama gari lako halina chesisi ya chini inayojitegemea, hizi gari ndogo za mjini ambazo bodi ndiyo chesisi, nakuomba usijaribu kabisa hii kazi nitakayoeleza. Vile vile gari zenye eabegi, ile mifuko ya hewa inayofura gari likigonga. Nyuma ya ile plastiki ya mbele kuna vyuma vimewekwa makusudi vikunjike, na kuna sensa zinazosoma ule mkunjo ziamue eabegi itoke lini, sasa wewe ukivikata vile ukaweka chuma kigumu kimeshikana na chesisi moja kwa moja, umebadilisha hesabu yote ya watu walioitengeneza, na hakuna fundi wa mtaani atakayekuambia itatoka au haitatoka. Defender hizi za zamani mpaka zilipoacha kutengenezwa Januari 2016 hazikuwa na eabegi, kwahiyo mimi naongea kutoka kwenye gari langu. Mwenye gari jipya asichukue maneno yangu akayahamisha yote.

Haya, la pili nilivyolifanya.

Nilianza na maboksi. Yale makartoni ya sabuni dukani, nilipewa bure, nikakata patani ya kila kipande, nikaibandika kwenye gari kwa gundi ya karatasi, nikakaa mbali nikaangalia, nikafungua boneti, nikageuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto nione tairi linapita wapi, nikaweka jeki nione itaingia wapi. Siku mbili nzima nilikuwa nakata makartoni na watoto wa mtaani wananishangaa. Kartoni ukikosea unatupa, pleti ukikosea umepoteza elfu arobaini, na ndio maana fundi anayeanza na grenda kabla ya kartoni mimi simpi kazi.

Boriti kuu nilitumia skwea paipu ya milimita 100 kwa 50, ukuta milimita 3. Mita moja ina kama kilo 6 na gramu 800. Nikatumia mita moja na sentimita 60, kilo kama 11. Linganisha na ile chaneli ya kwanza, mita moja kilo 18. Watu wanasema milimita 3 ni nyembamba, lakini bomba lililofungwa pande zote nne halipindiki kirahisi kama pleti iliyo wazi hata iwe nene, chukua boksi la kiberiti tupu ulibonyeze, alafu likate upande mmoja ulibonyeze tena, utaona mwenyewe. Na kama unaenda kununua vyuma na hujui uzito, kuna hesabu moja rahisi, ishike: pleti yenye unene wa milimita moja, mita moja kwa mita moja, ina kilo karibu 8. Kwahiyo ya milimita 3 kilo 23 na nusu, ya milimita 6 kilo 47. Ukijua hiyo huwezi kudanganywa kwenye mizani na utajua bampa lako lina kilo ngapi kabla hujawasha mashine.

Hizi ncha za pembeni nilizikata kwa pembe ya digrii 45 zikapanda juu, na hapa naomba mnisikilize kwa sababu wengi wanafanya bampa refu pana mpaka linavuka tairi. Tairi la mbele likifika kwenye kingo ya mto linatakiwa liguse udongo kabla ya bampa. Bampa lako likiwa sentimita 70 mbele ya pale tairi linapogusa ardhi na liko juu ya ardhi sentimita 50, mstari kutoka pale mpaka chini ya bampa unapanda kama digrii 35. Ukiongeza pleti chini bampa likashuka mpaka sentimita 35, umebaki na digrii 26 na kidogo. Umelipa hela ya chuma ili gari lako lipande kidogo kuliko zamani! Kwahiyo lisogeze karibu na gari kadiri rejeta na jeki zinavyoruhusu, na lipandishe.

Sasa masikio. Nimetumia pleti ya milimita 20, chuma laini cha kawaida cha kununua dukani. Nasema cha dukani kwa sababu hapa ndipo watu wanapotafuta mabaki, wanakata springi pleti za lori, wanakata ekseli, wanasema hii ngumu sana haitakatika. Ni ngumu kweli, lakini chuma cha namna hiyo ukikichomelea kwa rodi ya kawaida pembeni ya ule mshono kinakuwa kama glasi, kinapasuka bila kukunjika, hakikuonyi. Chuma laini kinakunjika kwanza, unakiona, unaacha kuvuta. Na reli ni hivyo hivyo, kuna watu kule kwetu TAZARA inapopita wanakuletea kipande cha reli usiku, kaka nina chuma kizuri hapa. Usikinunue. Ni kizito mno, kinapasuka ukichomelea, na ile ni reli ya treni inayobeba mama zetu kutoka Mlimba, ukinunua umeing'oa wewe.

Kila sikio ni kipande kimoja kirefu kama sentimita 25. Nilitoboa skwea paipu tundu la mraba mbele na nyuma, sikio likapita katikati yake kama msumari unavyopita kwenye ubao, likatokea nyuma likakutana na pleti ya milimita 8 inayofungwa kwenye chesisi, pale ndipo likachomelewa pande zote mbili. Kwahiyo mkanda ukivuta, mvuto haupiti kwenye ngozi ya skwea paipu hata kidogo. Ukikata ile skwea paipu yote ukaitupa, masikio yanabaki yamefungwa kwenye chesisi yao na gari linavutika. Mmeona tofauti na ile nondo yangu? Ile ilikuwa imebandikwa usoni kama stempu. Tundu la shakeli lisiwe karibu na ukingo, acha nyama kuzunguka tundu angalau sawa na upana wa tundu lenyewe. Shakeli ni ya inchi robo tatu ambayo imeandikwa tani 4 na robo tatu juu yake, isiyoandikwa kitu msiinunue hata kama inang'aa.

Sehemu hii ya masikio sikuchomelea mwenyewe. Naweza kuchomelea, geti langu nimechomelea mimi, lakini hapa nilimtafuta dada mmoja aliyesomea ufundi na kufanya kazi kwenye matenki, nikamlipa elfu sitini, na aliponiambia rodi hizi lazima ziwe kavu ndio nikajua nimepata mtu. Kwa masikio alitumia rodi za 7018. Hizo zikinyonya unyevu, na hapa kwetu unyevu upo mwaka mzima, mshono unaonekana mzuri nje kumbe ndani unakuja kupasuka. Pakiti ikishafunguliwa ikakaa wiki dukani kwenye udongo, usiitumie kwenye kitu kinachobeba maisha ya mtu. Vingine vyote, kifuniko cha chini, bomba la kulinda rejeta, nilichomelea mwenyewe kwa rodi za kawaida za 6013 za milimita 2 na nusu, ampea kati ya 70 na 90, nikishikiza kwanza kidogo kidogo kila kona, alafu nahama upande huu naenda upande ule, kwa sababu ukichomelea mstari wote kwa pamoja chuma kinavutwa na joto, asubuhi unalikuta bampa limepinda kama ndizi na matundu ya boliti hayakutani tena.

Na vijana, naomba sana. Nimepita gereji nyingi nikaona kijana anachomelea kwa miwani ya jua. Miwani ya jua haizuii ule mwanga. Usiku macho yatawaka kama yametiwa mchanga, na ukiendelea miaka unaharibu macho ambayo ndiyo mtaji wako. Ile ngao yenye kioo cheusi ni bei ya diski chache tu. Jingine ni haya mabomba ya maji yaliyopakwa zinki. Ni mazuri, yanapatikana, mimi mwenyewe bomba la mbele ni la inchi moja na nusu la maji, lakini kabla ya kuchomelea saga zinki yote itoke sentimita kadhaa kila upande, na kaa mahali pa upepo. Moshi wake mweupe ukiuvuta jioni unapata homa, unatetemeka kama una malaria, unaenda kupima huna. Watu wanasema kunywa maziwa. Maziwa yanaenda tumboni, moshi umeenda mapafuni, maziwa hayatoi kitu kule. Nimeona mzee fundi aliyekunywa maziwa miaka ishirini na sasa hawezi kupanda ngazi bila kupumzika.

Pia ukichomelea kitu kikiwa kwenye gari toa waya za betri kwanza. Mimi nilishikiza tu kwenye gari, alafu nikalifungua lote nikamalizia chini.

Tuje kwenye boliti, ambazo ndizo zilizonipa kichwa cha maneno haya. Angalia kichwa cha boliti. Kama kimeandikwa 8.8, ile namba ya kwanza inakuambia nguvu ya chuma chenyewe, na boliti ya milimita 12 ya namna hiyo inavutwa mpaka kama tani 6 na nusu au 7 ndio ikatike. Kama kichwa hakina alama kabisa, ichukulie ni chuma laini, na chuma laini kinafika nusu ya hapo, tani 3 na kidogo. Kwa macho zinafanana kabisa! Ukubwa ule ule, rangi ile ile, dukani ziko kwenye ndoo mbili zilizokaa pamoja, na tofauti ya bei ni kama mia tano kwa boliti. Gari langu likiwa na mzigo wake halali linafika kilo 3,050, na wanaofunga winchi, ile mashine ya gari kujivuta kwa waya, wanasema chukua uzito huo zidisha mara moja na nusu, inakuja kilo kama 4,575, ndio maana 110 nyingi mnaziona na winchi ya paundi 10,000, ambazo ni karibu kilo hizo hizo. Huo ni mvuto wa polepole. Trekta ikija kwa kasi na waya wa chuma usiovutika, ni zaidi ya hapo sana. Sasa niambie mtu aliyetumia milioni kwenye bampa akaokoa elfu nne kwenye boliti nane, ameokoa nini.

Nilifunga boliti nane, nne kila upande, na washa nene, zile pete bapa za kukaa chini ya boliti na nati, na nati za kujifunga, na pleti ya nyuma ili zisile ukuta wa chesisi. Chesisi yenyewe sikuichomelea popote, na kabla ya kufunga niliigonga kwa nyundo ndogo nisikilize, maana Defender za umri huu zinaoza kutokea ndani, unakuta nje kuna rangi safi kumbe ndani ni unga. Mahali panapotoa sauti ya debe, simamisha kazi, kwanza tengeneza chesisi.

Lote lilipoisha nikalipeleka tena kwenye mizani ile ile ya mpunga. Kilo 35. Gharama laki nne na elfu kumi na nane, shakeli mbili zikiwemo, na dada yule akiwemo, na rangi. Nikakaa nikaandika kwenye daftari hela imeenda wapi. Pleti za masikio na za kufungia, boliti, shakeli, rodi kavu, na mkono wa yule dada, peke yake ni laki mbili na elfu thelathini na moja. Zaidi ya nusu ya hela yangu ukisimama mbele ya gari huioni, imejificha nyuma ya ile skwea paipu ya elfu sabini.

Rangi sitaikalia sana. Safisha mafuta, piga msasa, redi oksaidi, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, mara mbili, alafu rangi. Ila msisahau kutoboa tundu la milimita 10 chini ya skwea paipu kila upande, maji yatoke, ukiifunga kabisa kwa kudhani umeizuia kutu kumbe umeifungia ndani.

Kuna jambo moja limebaki na nimeliweka hapa makusudi kwa sababu mafundi mnakaa pale mbele. Bampa hili halitembei porini tu, linapita mjini, linapita Msamvu pale Morogoro, kuna bodaboda, kuna watoto wa shule. Ulaya toka 2005 walitunga sheria ya hivi vyuma vya mbele kwa sababu ya watembea kwa miguu. Sisi tusingoje. Kona zote zisage zibaki mviringo, usiache ncha ya pleti imetokeza, usiache boliti ndefu imechungulia mbele kama mkuki, usizibe taa wala namba ya gari, shakeli zitoe ukiwa mjini. Nimemuona mtu ameweka miiba ya nondo mbele ya bampa ati kwa ajili ya wanyama. Mama akigongwa pale kwa mwendo wa kutembea tu, mguu unaondoka. Kijana akikuletea mchoro wa namna hiyo kataa hiyo hela, nakuomba.

Na kuhusu wanyama wenyewe. Sisi wa Ifakara tukija huku tunapita Mikumi mjini alafu tunakata hifadhi, karibu kilomita 50 za lami katikati ya twiga na nyati, na vibao vinasema punguza mwendo. Kuna madereva wakishafunga chuma mbele wanapita pale mia, usiku, wanasema mimi nina bampa. Mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne, na nyati ana kilo mia kadhaa, na bampa gumu lililoshikana na chesisi haliimezi ile nguvu, linaileta kwako kwenye kifua. Bampa langu nimelijenga kwa ajili ya kuvutwa na kwa ajili ya visiki vya mwendo wa kinyonga. Halijajengwa kwa nyati wala kwa mwendo, na hakuna la kwetu mtaani lililojengwa hivyo.

Kwenye kuvuta vile vile, chuma kizuri hakitoshi. Sikio ni la shakeli, sio la waya kufungwa fundo. Msifunge kamwe kwenye lile tufe la kuvutia tela, lile likikatika ni risasi, limeshaua watu nchi za watu. Weka koti zito au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya waya, likatike litaangukia chini. Na watu wasogee, mbali, urefu wa kamba na nusu yake tena, hata wakicheka, hata dereva wa trekta akisema anajua kazi yake miaka kumi. Mimi siku hizi nasimamisha zoezi zima mpaka mtoto wa mwisho asogee. Wananiita mzee wa kusogea. Sawa.

Masika iliyopita nimevutwa mara sita na lile bampa, mara mbili kwa trekta. Baada ya kila mvuto napita kwenye boliti zote nane na spana, na mwezi wa tano nikakuta mbili za kulia zimelegea nusu mzunguko, na washa moja imeanza kukunjika. Nimeibadilisha ile washa, boliti nikaweka mpya, za zamani ziko mfukoni hapa nitawapitishia mzishike, mtaona ile alama ya 8.8 kichwani na mtaona mahali pleti ilipoanza kuzisugua.

Maswali tutaulizana kule kule kwenye gari, ni rahisi kuonyesha kuliko kusema. Nataka nilifungue lote mbele yenu, vijana wapige picha nyuma ya masikio, wapime, patani zangu za kartoni ziko kwenye siti ya nyuma mwenye 110 achukue akaweke kwenye gari lake aone. Ninayo spana namba 19 moja tu, na nyuma kuna nati inataka kushikwa. Mwenye ya pili aje nayo.